John Williamson wa Mwadui, na ugonjwa uliomchukua akiwa na miaka 50

Mama msomaji, kama umewahi kupanda basi kati ya Mwanza na Shinyanga, umepita Maganzo. Ni mji uliokua kwa sababu ya mgodi wa almasi wa Mwadui ulio jirani yake. Hapa Katoro wengi tuna ndugu waliowahi kwenda huko kutafuta riziki kabla hawajageukia dhahabu ya Geita, na kila mmoja amerudi na hadithi ya Mzungu aliyeuvumbua mgodi ule, John Williamson. Jina lake limebaki kwenye mgodi hadi leo.

Watu wanajua alivyopata almasi. Wachache wanajua alivyokufa. Alikufa kwa saratani ya koo, Januari 1958, kabla hajafikisha miaka 51.

Mimi ni muuguzi wa jamii. Siku za kupima watoto uzito huwa nazungumza na akina mama kuhusu saratani ya koo na ya mapafu, na kila mara kuna anayeniambia kwamba hayo ni magonjwa ya Wazungu, au ya matajiri wa mjini. Mwingine atasema kwa sauti ya chini kwamba mgonjwa ametupiwa kitu. Ndiyo maana nimeamua kukusimulia maisha ya mtu huyu. Alikuwa Mzungu na alikuwa tajiri, hilo ni kweli, lakini aliishi kwenye ardhi hii hii, akitafuta mawe kama wanavyotafuta waume na watoto wetu.

Williamson alizaliwa mwaka 1907 huko Montfort, katika jimbo la Quebec nchini Kanada. Alipoingia Chuo Kikuu cha McGill mjini Montreal alikuwa na nia ya kusomea sheria. Likizo moja alikwenda na wataalamu wa miamba hadi Labrador, kaskazini kwenye baridi kali, akarudi hataki tena sheria. Alisoma miamba mpaka akapata shahada ya udaktari mwaka 1933. Kwa hiyo wazee wanapomwita Dokta Williamson, si daktari wa kutibu watu. Nalisema hili kwa sababu mama mmoja aliwahi kuniuliza ilikuwaje daktari ashindwe kujitibu.

Akaja Afrika kufanya kazi kwenye makampuni ya madini, kwanza upande wa kusini, kisha Tanganyika. Hapa aliajiriwa kwenye mgodi mdogo wa almasi wa Mabuki, kusini ya Mwanza. Mgodi ule ulikuwa unaishiwa. Wenye kampuni walipokata tamaa, yeye hakukata. Aliamini kwamba almasi zile chache zilizotawanyika kwenye mchanga wa Usukuma lazima zina mama yao mahali fulani, yaani mwamba mkubwa uliopanda kutoka chini sana ya ardhi ukiwa na almasi ndani yake. Akaanza kuutafuta kwa fedha zake mwenyewe, na fedha zenyewe zilikuwa kidogo. Afya yake nayo haikuwa nzuri. Mama mwenye mume anayeshinda kwenye duara miezi mitano bila kuona kitu, akikopa unga dukani huku akisema kesho tutapata, anaijua hali hiyo bila kufafanuliwa.

Machi 1940 akaupata, Mwadui. Wasimulizi wengi wanasema ilikuwa chini ya mbuyu, na kila msimulizi ana mbuyu wake. Lisilobishaniwa ni ukubwa wa kile alichokipata: mwamba wenye almasi uliotanda eneo la hekta 146 hivi, miongoni mwa mikubwa kabisa iliyowahi kuchimbwa duniani. Vita Kuu ya Pili ilikuwa inaendelea, mashine hazipatikani, chakula ni cha shida. Mwanasheria wa Mwanza, I. C. Chopra, akamsaidia fedha na kuwa mshirika wake. Ndugu yake Percy akaja kutoka Kanada kumsaidia kazi. Mwaka 1942 kampuni ya Williamson Diamonds ikaanzishwa.

Miaka michache baadaye Mwadui ulikuwa mji kamili ndani ya uzio, wenye umeme, maji, shule, hospitali na kiwanja cha ndege. Williamson alibishana na wafanyabiashara wakubwa wa almasi duniani kuhusu bei, akakataa kuwauzia mpaka wamsikilize. Hakuoa. Mwaka 1947 lilipatikana jiwe la rangi ya waridi lenye karati 54.5, akampa zawadi ya harusi Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza. Lilichongwa likabaki karati 23.6, kisha likawekwa kwenye pambo la kifuani lenye umbo la ua. Mwaka 1956 mdogo wake Elizabeth, Margaret, alikuja mwenyewe kuutembelea mgodi.

Mwaka mmoja na ushee baadaye, mwenye mgodi alikuwa amekufa.

Koo na mapafu ni njia moja

Weka mkono wako shingoni, mbele, pale panapotetemeka ukisema "aaa". Hapo ndipo sauti inapotengenezwa. Hewa yote unayovuta hupita hapo ikielekea kwenye mapafu. Kwa hiyo moshi au vumbi likiingia, koo hugusika kwanza, kisha mirija, kisha mapafu. Hii ndiyo sababu nazungumzia saratani hizi mbili kwa pamoja, ingawa ni magonjwa mawili na matibabu yake yana tofauti.

Mwili umeundwa na seli nyingi ndogo sana. Kila siku seli zilizochakaa hufa na mpya huzaliwa kwa utaratibu. Kitu chenye madhara kikigusa seli zile zile kila siku kwa miaka mingi, kuna siku moja yao huharibika na kuanza kuzaana bila kusikia amri ya mwili. Wingi wake ndio unaokuwa uvimbe. Uvimbe ukiachwa, hupenya sehemu za jirani na mbegu zake husafiri na damu mpaka kwenye mifupa, ini au ubongo. Hakuna mtu aliyeutuma. Na hauambukizi: unaweza kula sahani moja na mgonjwa na kulala naye kitanda kimoja.

Usiniulize ni kipi hasa kilichomletea Williamson saratani yake. Kwa mgonjwa mmoja mmoja, hata daktari bingwa mara nyingi hawezi kunyoosha kidole kwenye kisababishi kimoja. Tunachokijua ni vihatarishi, yaani vitu vinavyoongeza uwezekano. Ni kama kupanda bodaboda bila kofia ngumu. Wapo wanaopanda hivyo Katoro hadi Buseresere kila siku na hawajaanguka, na yupo aliyeanguka akiwa amevaa. Hata hivyo, ukiwahesabu wengi, unaona wazi wanaoumia kichwa ni akina nani. Kwa saratani ya koo, wanaoongoza ni wavuta tumbaku na wanywaji wa pombe, na anayefanya vyote viwili hatari yake huzidishwa, si kujumlishwa tu. Kwa saratani ya mapafu tumbaku peke yake ndiyo kisababishi cha wagonjwa wengi sana, wanaokaribia 85 katika kila 100 duniani.

Lakini hilo lilikuwa halijaenea wakati wa Williamson. Ni mwaka 1950 tu ambapo watafiti wawili wa Uingereza, Richard Doll na Austin Bradford Hill, walitoa matokeo ya kuwauliza wagonjwa wa hospitali za London kuhusu uvutaji wao, na jibu likawa kwamba wenye saratani ya mapafu walikuwa wavutaji kupita wengine. Kabla ya hapo sigara ilikuwa ustaarabu. Mfalme George wa Sita, yule ambaye wazee wetu walimwona kwenye shilingi za mkoloni, alikuwa mvutaji mkubwa. Huyu ndiye baba wa yule binti aliyepewa almasi ya waridi. Septemba 1951 alifanyiwa upasuaji na pafu lake la kushoto likaondolewa kwa sababu ya saratani, na wananchi wake hawakutajiwa jina la ugonjwa. Februari 1952 alikufa usingizini, moyo ukiwa umeziba, akiwa na miaka 56. Binti yake alikuwa Kenya wakati huo, upande wa Nyeri, na aliondoka huko akiwa malkia.

Naona ajabu kidogo kwamba jiwe lile moja linawagusa watu wawili, aliyelitoa na baba wa aliyelipokea, na wote wawili wakashikwa na saratani kwenye njia ya hewa. Mmoja alikuwa na almasi nyingi kuliko anavyoweza kuhesabu na mwingine alikuwa na madaktari wote wa Uingereza.

Moshi na vumbi la kwetu

Sasa turudi nyumbani kwako.

Najua wengi wenu hamvuti sigara. Basi niulize: nani anavuta ndani ya nyumba yako? Moshi wa sigara ya mwingine nao ni kihatarishi cha saratani ya mapafu, na mtoto mchanga hana pa kukimbilia. Mume akivuta chumbani mlangoni ukafunguliwa, moshi bado unabaki kwenye pazia, kwenye neti na kwenye nguo. Mwombe avutie nje kabisa, mbali na mlango. Mkiweza kuzungumza zaidi ya hapo, mwambie kwamba kuacha kuna faida hata kwa aliyevuta miaka mingi: baada ya miaka kumi ya kuacha, hatari ya kufa kwa saratani ya mapafu hushuka kufikia kama nusu ya ile ya anayeendelea. Shisha ni tumbaku ile ile, hata ikinukia matunda. Ugoro hauingii mapafuni kama moshi, lakini huleta saratani ya kinywa, kwa hiyo bibi naye asifikiri amepona.

Jikoni ni kwako zaidi. Mafiga matatu ndani ya jiko lisilo na dirisha, kuni mbichi wakati wa masika, mtoto mgongoni. Moshi wa kuni ukivutwa kila siku kwa miaka unachosha mapafu, unaleta kikohozi sugu, na wataalamu wa saratani duniani wanauweka kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani ya mapafu. Kwa mtoto mdogo madhara hayasubiri miaka, kwani moshi unaongeza nimonia. Ukiweza kupikia nje, pikia nje. Anika kuni zikauke kabisa. Fungua tundu juu ya ukuta moshi upate pa kutokea. Jiko banifu hupunguza kuni na moshi, na gesi ni bora zaidi kwa anayeimudu. La bure kuliko yote ni kumshusha mtoto mgongoni na kumpa dada yake wakati unakoroga ugali.

(Macho mekundu ya bibi zetu yanatokana na moshi huo huo. Wilaya zetu hizi zimezika wanawake wazee kwa sababu ya macho mekundu. Nimeona nilitaje, ingawa si saratani.)

Halafu kuna vumbi, na hapa Katoro ndipo ninapokuwa na wasiwasi kuliko mahali pengine. Mawe meupe yanayobeba dhahabu yana madini yaitwayo silika. Yakipondwa kwa nyundo au kusagwa kwenye karasha yakiwa makavu, hutoa vumbi laini sana, na lile la hatari ni lile usiloliona. Linazama hadi mwisho wa mapafu na halitoki. Hufanya makovu, ugonjwa tunaouita silikosisi, na mwenye makovu hayo hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi. Tangu 1997 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiweka silika kwenye orodha ya vitu vinavyojulikana kwa hakika kuleta saratani ya mapafu. Mtu anayefanya kazi kwenye vumbi hilo na kuvuta sigara pia amejibebesha mizigo miwili.

Mama unayeponda mawe, khanga uliyojifunga puani haizuii vumbi hilo, inazuia lile kubwa tu. Kinachosaidia zaidi ni maji. Lowesha mawe kabla ya kuponda na uendelee kunyunyizia. Kaa upande upepo unakotoka, vumbi liende mbele yako. Usimlaze mtoto karibu na karasha hata kama kuna kivuli. Baba akirudi kutoka duarani avue nguo nje, na wewe usizikung'ute; ziloweke kwanza kwenye ndoo.

Zebaki ni jambo jingine, na watu huvichanganya. Mvuke wake unapochoma dhahabu hauletwi kwenye orodha yangu ya saratani ya mapafu, lakini unaharibu ubongo, mishipa ya fahamu na figo, na unamdhuru mtoto aliye tumboni. Usichomee jikoni, wala kwenye sufuria inayopikiwa.

Wenye virusi vya UKIMWI na waliowahi kuugua kifua kikuu hatari yao ya saratani ya mapafu ni kubwa kidogo kuliko ya wengine. Hilo lisiwavunje moyo. Wameze dawa zao kama kawaida, na wasipuuze kikohozi.

Sauti iliyokwaruza

Nataka kukusimulia kosa langu. Nilikwenda nyumba moja kufuatilia mtoto aliyekosa chanjo. Baba alikuwa amekaa kibarazani. Nikamsalimia, akaitikia kwa sauti iliyokwaruza, kama mtu aliyepiga kelele mpirani jana yake. Nikaandika kadi ya mtoto, nikaaga. Niliporudi baada ya wiki sita, sauti ilikuwa vile vile, na mkewe akaniambia ni mwezi wa tano sasa. Walishatumia tangawizi, asali na limao, na mara tatu walinunua vidonge vya kuua bakteria duka la dawa. Sasa alikuwa anapata shida kumeza ugali. Alipofika hospitali ya rufaa uvimbe ulikuwa umebana njia ya hewa, ikabidi atobolewe shingoni apumulie hapo. Kama ningemuuliza siku ile ya kwanza swali moja tu, limeanza lini, angekuwa amewahi.

Tangu hapo nauliza kila nyumba, na nakuomba na wewe uulize. Sauti ikikwaruza zaidi ya wiki tatu, hata bila maumivu, mtu aende akapimwe. Ndivyo pia kwa uvimbe shingoni usiopungua, kumeza kwa shida, au maumivu ya sikio la upande mmoja wakati sikio lenyewe ni zima. Kwa upande wa mapafu, angalia kikohozi cha wiki mbili na zaidi, au kikohozi cha zamani kilichobadilika; kukosa pumzi; maumivu ya kifua yasiyoisha; kupungua uzito bila sababu. Damu kwenye makohozi haisubiri wiki yoyote. Nenda siku hiyo hiyo.

Kituoni wataanza na makohozi kutafuta kifua kikuu, na wako sahihi, maana hapa kwetu ndicho kikohozi cha kwanza kufikiriwa, kinatibika, na dawa zake ni bure. Tatizo huja majibu yakirudi hayana kifua kikuu. Familia hufurahi, kikohozi kinaendelea, na miezi inapita. Mayu, majibu hayo hayasemi kwamba mgonjwa ni mzima. Yanasema kwamba tatizo bado halijajulikana. Rudi, uombe picha ya kifua na rufaa. Vivyo hivyo kwa aliyeanzishiwa dawa za kifua kikuu na baada ya miezi miwili hana nafuu yoyote.

Huko kwenye rufaa, daktari ataangalia koo au mirija kwa kamera nyembamba na kuchukua kinyama kidogo kikapimwe. Kuchukua kinyama hakusambazi saratani, ingawa utasikia hivyo sokoni. Hospitali ya Bugando jijini Mwanza inatibu saratani, na Taasisi ya Saratani Ocean Road ipo Dar es Salaam. Matibabu ni upasuaji, mionzi, au dawa za dripu, kulingana na mahali uvimbe ulipo na umeenea kiasi gani. Saratani ya sanduku la sauti ikigunduliwa mapema ni miongoni mwa zinazopona vizuri. Ya mapafu ni ngumu zaidi kwa sababu hujificha, na mara nyingi ikianza kuonekana imeshatembea. Hata hapo kuna tiba shufaa ya kuondoa maumivu na kumsaidia mgonjwa apumue na alale, na mlezi ana haki ya kuiomba.

Williamson alipofariki, mali ilibaki kwa ndugu zake. Mwaka ule ule wa 1958 waliuuza mgodi kwa kampuni ya De Beers na serikali ya Tanganyika kwa pamoja. Baada ya uhuru ukataifishwa, ukauzwa tena, na hadi leo unachimbwa. Pambo lenye jiwe la waridi Malkia Elizabeth alilivaa mara nyingi hadi uzeeni kwake.

Kama leo kuna mtu nyumbani kwako mwenye sauti au kikohozi cha aina niliyoitaja, muulize kimeanza lini, uandike tarehe hiyo nyuma ya kadi ya kliniki ya mtoto, na siku ya kumpeleka mtoto uzito uje naye pia. Ukifika, mtajie muuguzi tarehe hiyo, kazi anayofanya mgonjwa, na kama anavuta. Asipokuuliza, mwambie wewe mwenyewe.